Picha Iliyomfuta Nkambo Machozi

Nyumbani kwa mjomba wangu, mtaa wa Manika mjini Kolwezi, kulikuwa na picha moja tu ukutani, juu ya redio. Mwanamke mzee, Nkambo, yaani bibi yetu, amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, kilemba cheusi kichwani, uso umefungwa kabisa. Nilipofika pale mwaka 1979, nikiwa na miaka 16, niliona watoto wa mjomba wakipita chini ya ile picha haraka haraka. Siku ya tatu mdogo wao akaniuliza: "Yaya," yaani kaka, "Nkambo alikuwa kwenye kilio?" Dada yake akadakia kwamba Nkambo alikuwa mkali, ukimwangalia utaona mwenyewe.

Sikujua nianzie wapi kuwajibu. Mimi nilikuwapo siku picha ile ilipopigwa. Kilemba kilikuwa chekundu kama pilipili iliyoiva. Hakukuwa na kilio. Kulikuwa na furaha ya mtoto aliyerudi nyumbani. Na mwanamke yule alikuwa mcheshi kuliko mtu yeyote niliyemjua Dilolo. Zaidi ya hayo, uso wake ulikuwa na alama ambazo pale ukutani hazikuonekana hata moja. Watoto wale walikuwa wamekua wakimwogopa mtu ambaye hakuwahi kuwapo.

Sisi ni watu wa Dilolo, mpakani na Angola. Reli inayotoka Tenke inapita Kolwezi, inakwenda magharibi zaidi ya kilomita 300, na Dilolo ndiko inakoishia upande wa Kongo. Ng'ambo ya mpaka inaanza reli ya Benguela, kilomita 1,344 hadi bandari ya Lobito kwenye Atlantiki. Reli hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1931, na tangu hapo shaba ya Katanga ilipita mbele ya milango yetu ikienda baharini. Garimoshi lililorudi lilileta chumvi, samaki wakavu, vitambaa na watu wa kila namna. Wachokwe, Walunda na Waluvale walikuwa na ndugu pande zote mbili, na wengi wetu tuliuhesabu mpaka kama njia ya kwenda kusalimia.

Mpiga picha naye alikuja na garimoshi. Alitoka Teixeira de Sousa, mji wa ng'ambo ya mpaka ambao leo unaitwa Luau, akaweka sanduku lake chini ya mwembe karibu na stesheni. Ilikuwa mwaka 1973. Mjomba alikuwa amekuja likizo kutoka Kolwezi, ana mshahara mfukoni na shati jipya la buluu, naye akasema hatarudi kazini bila foto ya mama yake. Nkambo alikataa siku mbili. Siku ya tatu alifunga kilemba chake chekundu, akavaa kitenge cha manjano chenye maua mekundu, akanishika mkono. Alizoea kuniita mume wake, kama wanavyofanya bibi wa kwetu kwa wajukuu wa kiume. "Bwana yangu," akaniambia, "twende ukanichunge, huyu Mreno asiniibe."

Yule fundi hakuwa Mreno, alikuwa mtu mweusi kama sisi, lakini alihesabu kwa Kireno. Sanduku lake lilikuwa la mbao, lenye miguu mitatu. Mbele lilikuwa na jicho la kioo lenye kifuniko, nyuma lilikuwa na mkono wa kitambaa cheusi, kama mkono wa koti, ambao fundi aliingiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Juu kulikuwa na kidirisha cha kioo chekundu. Nilikitazama sana kile kioo chekundu. Ndani ya tumbo la sanduku, alituambia, kuna karatasi na visahani viwili vya dawa.

Akamkalisha Nkambo kivulini, mbele ya shuka lililotundikwa. Akamwambia asicheke, asipepese, asipumue sana. Nkambo hakuweza. Kila fundi alipogusa kifuniko, yeye aliangua kicheko, nasi tuliosimama pembeni tukacheka naye. Mara ya nne fundi alikasirika. Ndipo Nkambo akakaza uso, fundi akatoa kifuniko, akahesabu taratibu: um, dois, três, quatro. Akafunika. Mara tu alipofunika, Nkambo akacheka tena.

Fundi akaingiza mkono kwenye kitambaa cheusi, akachezacheza humo kwa dakika chache, akatoa karatasi inayochuruzika. Tukasogea kutazama, kisha tukarudi nyuma. Nkambo alikuwa na uso mweupe kama mtu aliyepakwa pemba, ule udongo mweupe unaotumika katika mambo ya mizimu. Fundi akatutuliza kwamba kazi haijaisha. Akaibandika karatasi ile kwenye ubao mdogo mbele ya jicho la sanduku. Kabla ya kuipiga picha tena, alichovya kijiti chenye pamba katika chupa ya dawa nyekundu, ile ya kupaka vidonda, akapaka mashavu na paji la uso kwenye karatasi. Mama yangu akamwuliza anafanya nini. "Natengeneza," akajibu.

Picha mbili zilitoka kwenye ndoo ya maji, moja ya mjomba na moja ya kubaki Dilolo. Nkambo aliitazama yake kwa muda mrefu. Kisha akaweka vidole vyake chini ya macho, kama mtu anayehakikisha kitu hakijadondoka.

"Hii sura haiko yangu," akasema. "Masoji yangu iko wapi?"

Masoji kwa Kichokwe ni machozi. Ndilo jina la mistari ambayo wanawake wetu walichanjwa chini ya macho, ikatiwa makaa ili ibaki. Nkambo alikuwa na masoji tangu usichana wake, na kwenye paji la uso alikuwa na ule msalaba unaoitwa chingelyengelye. Kwa umri ule mistari ilikuwa imelala, haikuinuka tena juu ya ngozi, lakini weusi wake ulisomeka hata kutoka upande wa pili wa barabara. Kwenye picha kulikuwa na mashavu yaliyonyooka, yenye mng'ao wa kijivu.

"Mama, mashini haidanganyi," fundi akamwambia.

"Basi imeniibia," Nkambo akajibu, nasi tukarudi nyumbani.

Hakuishia hapo. Usiku, kwenye taa, alichukua kioo chake kidogo akaweka picha kando yake, akagundua kosa jingine. Jicho lake moja lilikuwa dogo kuliko lenzake. Katika kioo lilikaa upande huu, katika picha lilikaa upande ule. Akasema hata macho wameyageuza. Mama akamwambia hapana, sisi tunakuona hivi hivi. Wakabishana mpaka mafuta ya taa yakapungua, na kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Miaka minne baadaye, Machi 1977, waasi wa kundi la FNLC waliingia kutoka Angola, na Dilolo ikawa mlango wa vita ambavyo watu wa kwetu wanaviita vita vya siku 80. Tulikimbia na tulichoweza kubeba. Picha yetu ilipotea njiani pamoja na sanduku la nguo. Nkambo alivuka mpaka na jamaa wengine, akafia upande wa Angola mwaka uliofuata, akazikwa huko na watu ambao sikuwahi kuonana nao. Kwa hiyo nilipoingia nyumba ya mjomba mwaka 1979, ile picha ya juu ya redio ndiyo iliyokuwa imebaki peke yake duniani.

Mjomba alinitafutia kazi kwa fundi wa picha. Kolwezi ilikuwa imetoka kwenye vita vya siku sita vya Mei 1978, watu wamepoteza karatasi zao, kila mtu anataka picha ya kitambulisho. Nilianza kwa kuchota maji ya kusuuzia. Baada ya wiki chache nikaruhusiwa kuingia chumba cha giza, na nilipoingia tu nikasimama mlangoni. Balbu ilikuwa nyekundu. Nyekundu ile ile ya kidirisha cha sanduku la Dilolo.

Nikauliza kwa nini nyekundu. Fundi wangu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alinijibu kwa vitendo. Alichukua kipande cha kitenge chenye rangi tatu, nyekundu, manjano na buluu, akakipiga picha moja kwa moja kwenye karatasi ya kuchapia, kwa njia ya masanduku ya zamani. Kisha akakipiga tena kwa filamu ya kawaida ya siku zile. Kwenye filamu rangi zote zilijitokeza kila moja na kijivu chake. Kwenye karatasi, nyekundu ilitoka nyeusi tititi, manjano ikatoka kama matope, buluu ikatoka nyeupe karibu na theluji. "Karatasi hii ni kipofu wa nyekundu," akasema. "Ndiyo maana tunaweza kukaa nayo humu na taa imewaka. Haituoni."

Nilielewa kilemba papo hapo. Nilikumbuka pia shati la buluu la mjomba, ambalo kwenye picha aliyojipigia siku ile lilitoka jeupe kama la kwenda kanisani. Ngozi ilinichukua muda zaidi. Ngozi yetu, katika weusi wake, hurudisha mwanga mwekundu na wa manjano kuliko wa buluu. Hapo ndipo unapotoka ule ujoto wa rangi tunaouona tukitazamana. Karatasi isiyoona nyekundu haiuoni ujoto huo, hivyo humshusha mtu chini, weusi juu ya weusi. Na makaa yaliyolala chini ya ngozi huelekea ubuluu. Ngozi ya Nkambo ilishuka mpaka ikalingana na masoji yake, na palipokosekana tofauti hapakuwa na mstari. Mwanga bapa wa kivulini ukazidisha hali hiyo. Kilichobaki kilimalizwa na ile dawa nyekundu: kwenye karatasi ya kwanza, nyekundu husomeka kama nyeusi, na nyeusi ya karatasi ya kwanza hugeuka nyeupe kwenye ya pili. Fundi wa Dilolo alikuwa amemng'arisha mashavu kwa kumfuta. Nadhani alitaka kumpendezesha, kama alivyozoea kwa wateja wengine.

Baadaye nilisoma kila nilichopata kuhusu kazi hii, nikaona kwamba yaliyomkuta Nkambo yalikuwa yamewakuta watu wa dunia nzima. Mwaka 1839, Daguerre alipotangaza picha zake mjini Paris, alizipiga juu ya bamba la shaba lililofunikwa kwa fedha. Nilipolisoma hilo nilitazama nje, ambako magari yalikuwa yakipita na mawe ya shaba, nikawaza ni nyuso ngapi zimelala juu ya shaba. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alileta njia ya kolodioni, dawa inayomwagwa juu ya kioo na kutumika ikiwa bado mbichi. Nayo iliona buluu na zambarau, na mwanga fulani ambao macho yetu hayauoni kabisa, lakini haikuona nyekundu. Mzungu wa macho ya buluu alitoka na macho meupe kama ya mzimu. Madoadoa ya jua kwenye ngozi, ambayo mkewe hakuwahi kuyaona, yalitokeza wazi, akaonekana mzee kabla ya wakati. Mwaka 1873 ndipo Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel alipogundua kwamba ukitia rangi fulani kwenye dawa, itaanza kuona zaidi ya buluu. Filamu inayoona rangi zote ilikuja karne ya 20.

Muda nao ulibadili sura. Vioo vile vilihitaji mtu atulie kwa sekunde kadhaa, na bamba za kwanza zilihitaji zaidi. Kicheko hakikai sekunde nne. Mdomo uliofungwa ndio unaotulia, kwa hiyo mdomo uliofungwa ndio tuliourithi. Watoto wa Manika waliuona ukali ambao kwa kweli ulikuwa subira ya mtu aliyekatazwa kucheka.

Hata ugomvi wa jicho dogo ulipata jibu. Picha za bati za karne ya 19 zilitoka zimegeuzwa, kushoto ikawa kulia, kama katika kioo. Mwenye picha alijitambua mara moja, nduguze ndio waliosita. Sanduku la Dilolo liligeuza mara mbili, kwa hiyo lilimweka Nkambo kama tulivyomwona sisi, akawa mgeni kwake mwenyewe. Yeye alijijua kwa kioo, sisi tulimjua kwa macho.

Mwaka 2018, huko New Zealand, mpiga picha Michael Bradley alionyesha kazi aliyoiita Puaki. Aliwapiga Wamaori wenye chanjo za usoni kwa njia ile ya kolodioni, kisha akawapiga tena kwa kamera ya kisasa, akaziweka picha mbili mbili kando kwa kando. Katika moja, uso umejaa mistari ya ukoo. Katika nyingine, mistari imetoweka, uso ni mtupu. Niliziona picha hizo kwenye simu ya mwanangu, nikakaa chini. Ilikuwa kama mtu amekwenda upande wa pili wa bahari kunithibitishia kwamba Nkambo alisema kweli.

Na kwetu? Katika miaka ya 1898 hadi 1900 msafara wa Charles Lemaire ulizunguka Katanga, ukiwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Mpiga picha akaleta nyuso bila rangi, mchoraji akaleta nchi yenye rangi. Sammy Baloji, msanii wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1978, alizichukua kazi hizo mbili kutoka makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akaziunganisha katika mfululizo wa Congo Far West, watu wa Michel wakasimama mbele ya vilima vya Dardenne. Nilipoona kazi ile nilitafuta kwanza mashavu ya wale watu. Tangu Dilolo, hilo ndilo ninalotazama katika kila picha ya zamani: nini kilikuwa hapa ambacho dawa haikukiona?

Wachongaji wa Kichokwe nao hubadili sura. Kinyago cha Mwana Pwo, ambacho huchezwa na wanaume, ni uso wa mwanamke, na mchongaji wa zamani alimtazama mwanamke fulani mzuri wa kweli siku baada ya siku kabla ya kushika shoka. Makunyanzi aliyaacha, umri aliuacha, lakini masoji na chingelyengelye aliziweka, kwa sababu kwake huo ndio uso. Na mchezaji alipokipokea kinyago, alitoa pete ya shaba kama mahari. Maana yake alikubali kwamba amechukua kitu cha mtu na ana deni. Nimefanya kazi ya picha zaidi ya miaka 40, na sikumbuki tukifundishana deni hilo. Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho la sanduku lina pazia, na aliyelibeba alipaswa kumwambia Nkambo hivyo badala ya kumwambia kwamba mashini haidanganyi.

Mjomba alipofariki, nilirithi picha. Hivi karibuni kijana mmoja mwenye kompyuta alijitolea kuitia rangi. Alifanya kazi kwa bidii, akaniletea Nkambo mwenye kilemba cheusi, kitenge cha kahawia na mashavu laini. Simlaumu. Programu yake ilikisia kutokana na kijivu, na kijivu hakikuwa na habari ya nyekundu. Ilichofanya ni kuupaka upofu wa mwaka 1973 rangi za leo, ukaonekana kama ushahidi.

Nikaenda kwa mama yangu. Ana zaidi ya miaka 80, anaona kwa shida, lakini mikono yake inakumbuka. Nilimwomba anieleze masoji ya mama yake. Hakueleza. Alichukua kipande cha kaa baridi kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akajichora mwenyewe, mistari mitatu chini ya kila jicho, na msalaba kwenye paji la uso. Kisha akaniinulia uso, akacheka kicheko kile kile. Nilimpiga picha kwa simu, ya rangi. Hiyo ndiyo picha ya Nkambo iliyo karibu zaidi na kweli, na aliyemo ni mtu mwingine.

Nyuma ya picha ya zamani nimeandika kwa penseli: "Dilolo, 1973. Kilemba ni chekundu. Kitenge ni cha manjano chenye maua mekundu. Masoji matatu kila upande, chingelyengelye kwenye paji. Alikuwa anacheka kabla ya kifuniko kutolewa, akacheka tena kiliporudishwa."

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna picha ya aina hii, usiipeleke kwanza kwa mwenye kompyuta. Ipeleke kwa mzee aliyemwona mtu yule akiwa hai. Mwulize kitambaa kilikuwa cha rangi gani, ngozi ilikuwa ya namna gani, usoni palikuwa na nini, sauti yake ilikuwaje. Andika nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, na uandike mwaka. Fanya hivyo wiki hii. Waliomwona Nkambo kwa macho yao, katika ukoo wetu wa upande huu wa mpaka, tumebaki wawili: mama yangu na mimi.